Kindi Mwenye Manyoya ya Kweli

Watu waliopiga simu hospitali kuulizia wodi ya wazazi walikuwa na tabia ya kusahau walichopigia. Sauti ya mwanamke ilipowaambia, "Hospitali, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" mwanamume mzima na ndevu zake aliuliza kwa woga wa kitoto, "Samahani, mama. Wewe si Kindi?"

"Ndiye. Nikuunganishe na nani?"

"Kindi yule yule? Wa kwenye pembe za Nyati?"

"Yule yule, na hapa kuna taa kibao zinaniwakia. Mkeo keshajifungua au bado?"

Mwenye sauti hiyo alifanya kazi katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, hedifoni imefunika sikio moja tu ili sikio la pili libaki na mlango, mbele yake ubao wa vitufe na taa nyekundu. Namba za ndani za hospitali nzima alikuwa nazo kichwani, kuanzia maabara hadi jikoni. Wauguzi walimwita Kindi. Nyumbani aliitwa Shangazi, na hilo ndilo jina litakalotutosha. Umaarufu ule hakuwahi kuutumia hata kusogea mbele kwenye foleni ya benki. Nyumba aliyotoka haikulea watu wa namna hiyo.

Umaarufu wenyewe ulitokana na katuni iliyotiwa sauti za Kiswahili Shangazi akiwa bado msichana. Hadithi yake ni nyepesi. Nyati mzee amepofuka, nchi imekauka, na kindi mdogo wa rangi ya chungwa anakaa katikati ya pembe zake akimwelekeza njia ya kwenda mtoni. Kwa kuwa nchi yote ni vumbi na mzee amekata tamaa, kindi anamdanganya safari nzima: hapa pana maua, pale wanapita vipepeo. Watoto wa miaka ile wote walipandana migongoni na kuelezana maua yasiyokuwepo.

Maneno aliyatafsiri kaka yake Shangazi, mtu wa kalamu na kamusi, na yeye huyo huyo ndiye aliyekuwa Nyati, kwa ile sauti yake nzito iliyoonekana kuanzia magotini. Kindi alipangiwa mwigizaji mmoja wa redio, ambaye siku ya kurekodi aliamka koo limefunga kabisa. Shangazi alikuwa mpokea simu wa kituo kile cha televisheni. Aliingia studio kuleta ujumbe tu, kaka yake akamdaka mkono.

"Mjaribuni huyu," akamwambia fundi mitambo. "Nyumbani hanyamazi."

Walirekodi wakiwa wanne, wameizunguka maikrofoni moja, mablanketi yametundikwa ukutani kuua mwangwi, wakisukumana kwa viwiko kila zamu ya mtu ilipofika. Mwishoni mwa katuni jina la kaka liliandikwa. Lake halikuandikwa, na hilo halikumnyima usingizi.

Kaka alifariki binti yake wa pekee akiwa hajaanza shule. Mjane wake, yaani wifi yake Shangazi, alikuwa mwalimu mkuu ambaye wanafunzi walinyooka wakimsikia akikohoa tu kwenye ukumbi wa mbali. Alikuwa mkali kwa kila kitu isipokuwa mkanda ule wa katuni. Hapo alimwacha mtoto atazame apendavyo. Mtoto akawa anakaa mbele ya televisheni na kujibizana nayo. Nyati akisema, yeye anajibu maneno ya Kindi, kila pumzi mahali pake, kila kicheko kwa urefu wake. Alimwiga shangazi yake barabara hata jirani akawa anaitika "karibu Shangazi" kabla hajafungua mlango. Ndipo walipomwita Kasuku, na jina likamganda mpaka akawa mwanamke mzima.

Basi ikatangazwa kwamba katuni ile imetengenezwa upya, safari hii bila michoro, kwa wanyama ambao mtu angeapa wamepigwa picha porini. Mitandaoni watu walirushiana maneno kabla hata hawajaiona. Kuna walioulaani mradi mzima na kuna waliohesabu siku. Shangazi hakuwa upande wowote. Alichojua ni kwamba moyo ulimpiga kama wa msichana, na kwamba siku ile alimuunganisha mgonjwa wa meno na chumba cha kufulia nguo.

Jumapili moja Kasuku aliingia jikoni mbio bila kuvua viatu.

"Shangazi, nimepata."

"Kama ni mchumba, ngoja nikae."

"Kindi. Wamenichukua mimi. Kindi mpya ni mimi, nimeshamaliza kurekodi, nilikuwa sisemi nisije nikajitia nuksi."

Shangazi alikuwa na mwiko mkononi, na mwiko ule ule ukamzunguka binti mgongoni. Waliruka pamoja kati ya jiko na kabati, mmoja na goti lake bovu, mwingine na viatu vya mjini, mpaka vikombe vikaanza kugongana.

"Na mimi nina langu," Shangazi alisema akihema. "Meneja wa kampuni inayosambaza filamu hiyo alinipigia kazini. Wameteua waamuzi watatu wa kuitazama kabla haijatoka. Tukikubali wote, inakwenda kwenye kumbi. Mmoja wetu akikataa, sauti zinarudi studio. Mmoja wa hao watatu ni mimi."

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayeniamua."

"Mimi ndiye."

Wakaanza kuruka upya. Wifi alikuwa mlangoni amesimama na miwani yake kwenye paji la uso, akiwangoja wachoke.

"Mkimaliza dansi," alisema, "mmoja wenu ajitoe."

"Wifi, jamani."

"Jamani nini? Ukimsifu, watasema tumegawana kama sahani ya kashata. Ukimponda, watasema shangazi mtu ana kijicho, hakutaka kiti chake kikaliwe. Na hiyo filamu imetumia tafsiri ya marehemu, jina lake limo ndani. Miaka yote hii hakuna aliyelitia doa. Sitaki mlipeleke sokoni nyinyi wawili."

Hilo halikuwa neno la kupuuza, na Shangazi alilijua uzito wake. Alifuta mikono, akampigia meneja pale pale, simu ikiwa wazi wote wasikie. Alimweleza kwamba Kindi mpya ni mtoto wa kaka yake wa damu, na kwamba kama wanataka mwamuzi mwingine, yeye hana kinyongo.

"Mama, hapo ndipo ninapokutaka wewe," meneja alisema. "Ukimsifu utasemwa. Ukimponda utasemwa. Umebakiwa na kusema kweli tu, huna pengine pa kukimbilia."

Shangazi alimtazama wifi yake. Wifi alishusha miwani puani.

"Huyo kijana amelelewa," alisema. "Nenda. Lakini ukaseme kweli."

Onyesho lilipangwa Jumamosi asubuhi, na ukumbi ulijaa mapema, harufu ya bisi hadi barabarani. Familia zilialikwa, eti kwa ajili ya watoto, ila watoto walikuwa wametulia zaidi ya wazazi wao. Akina baba walisimulia visa vya Kindi kwa watu wa viti vilivyowazunguka. Mama mmoja alikuwa ameanza kulia taa hazijazimwa.

Waamuzi walikaa pamoja katikati. Kulia kwa Shangazi alikuwa mhakiki wa gazeti, kijana mwembamba aliyevaa fulana yenye picha ya Kindi wa rangi ya chungwa. Alipotambulishwa alishika mkono wa Shangazi akasahau kuuachia. Kushoto alikaa daktari wa mifugo, mama mtu mzima, aliyekuja na daftari na darubini ndogo ya kutazamia ndege.

"Skrini haiko mbali kiasi hicho, dokta," mhakiki alimwambia.

"Nataka kuona kwato," akajibu.

Taa zilizimwa. Kilipita kipande kirefu cha vumbi na upepo, kisha kindi akatokeza kwenye tawi kavu, mkubwa kama nyumba, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Unywele mmoja mmoja ulionekana. Upepo ulipompuliza, manyoya yaligawanyika ubavuni na ngozi ikaonekana chini yake. Jicho lilikuwa jeusi, na ndani ya jicho lilikuwemo tawi na anga. Shangazi alishika mkono wa kiti. Miaka yote alikuwa sauti ya kitu kilichochorwa kwa mistari minne na rangi ya chungwa. Sasa alikuwa akimwona mwenyewe mwenye sauti, na alikuwa mzuri, mzuri kweli kweli.

Kindi akafungua mdomo, na Shangazi akajisikia akiongea.

Nywele zilimsimama. Ilikuwa sauti yake ya ujana bila kasoro, yenye kupanda ghafla mwishoni mwa neno, yenye kuteleza kwenye herufi kama mtoto kwenye sakafu iliyodekiwa. Nyuma yake watu walicheka kwa raha. Mhakiki alikuwa amefumba macho, midomo ikimchezacheza. Kasuku alikuwa mstari wa mbele, na hata gizani Shangazi aliona kichwa chake kikigeuka kuutazama ukumbi ulivyofurahi. Fahari ilimpanda Shangazi hadi kooni. Akajiambia, kazi imekwisha, niseme tu ndiyo twende zetu.

Lakini alikuwa ameombwa kutazama, basi akatazama.

Kindi yule wa zamani alikuwa na nyusi. Alikuwa na meno mawili ya mbele makubwa kama milango, na macho yaliyotoka kama visahani akishtuka. Uso wake uliruka, sauti nayo ikaruka kuufuata. Huyu mpya alikuwa na uso wa kindi. Hakutabasamu, maana kindi hatabasamu. Alikaa kati ya pembe akitafuna mbegu kwa utulivu, masharubu yakimcheza, na kutoka ndani yake ikatoka sauti inayopiga kelele na kuchachawa. Mwanzoni Shangazi alidhani ni macho yake. Baadaye ikawa kama kumsikiliza mtu anayeimba ndani ya nyumba iliyofungwa milango: unasikia raha, lakini hujui ni nani, na hakuna anayekuja kukufungulia.

Jambo lingine lilimsumbua zaidi. Kindi alikuwa akimjibu Nyati mapema mno. Mzee hajamaliza neno, mdogo keshadakia. Nyati mpya alikuwa mchekeshaji wa jukwaani, mtu wa sauti ya polepole na makohozi kidogo, na kila mara alikanyagwa mkia wa sentensi.

Ikafika kwenye bonde la mawe. Wazazi ukumbini wakajiweka sawa, kwa kuwa walijua kinachokuja, na kabla hakijaja tayari walishakifanya wao wenyewe: kwikwi. Kindi anamwambia Nyati kuna vipepeo, anapata kwikwi katikati ya neno, anaendelea. Ukumbi mzima ulipiga kwikwi kwa pamoja, ukacheka. Kasuku alikuwa ameiweka mahali pake pale pale. Kwenye skrini kindi hakutikisika hata unywele, mdomo umefumba. Mtoto mmoja akamuuliza baba yake kwa sauti, "Nani amepata kwikwi?"

Kisha wakafika mtoni. Hapo Kindi anaungama. Picha ilimsogelea mpaka ikabaki sehemu ya uso na jicho moja, maji yakimetameta humo. "Babu," alisema, "hakukuwa na maua. Hakukuwa na maua hata mara moja."

Shangazi alisahau yuko wapi. Sauti ile hakuwahi kuisikia kokote katika katuni. Ilikuwa ya chini, imekwaruzika kidogo, na ilingoja. Nyati alikunywa maji, akanyamaza, akasema alijua tangu bonde la kwanza, na kindi alikaa kimya akimsikiliza hadi mwisho. Uso ule usiotabasamu haukuwa na haja ya kutabasamu. Ukumbini hakuna aliyetafuna bisi.

Taa zilipowashwa watu walipiga makofi wamesimama. Meneja, kijana wa shati jeupe aliyekuwa na jasho la furaha, aliwaomba wageni watoke, wabaki waamuzi na waigizaji wawili, kwani alitaka maneno yasemwe uso kwa uso. Mhudumu wa mlango alimwendea wifi yake Shangazi, aliyekuwa amekaa wima kwenye kiti cha nyuma na mkoba mapajani.

"Mama, tunaomba wasiohusika watoke."

"Mimi ni mke wa Nyati," wifi alisema, na mhudumu akarudi mlangoni kwake.

Mhakiki alianza. "Mimi picha imeniumiza. Yule si Kindi. Yule ni panya mwenye mkia mzuri. Wamemnyang'anya kicheko chake."

"Kindi hacheki, kijana," daktari alimwambia. "Ukimwona kindi amekuonyesha meno, kimbia. Mimi nimefurahi sijui nisemeje. Umeona nyati anavyoipima ardhi kwa kwato kabla hajaweka uzito? Mnyama aliyepofuka hutembea vile hasa. Kwenye katuni alitembea kama lori."

"Ndiyo, na tulilipenda lori letu."

"Nani amekukataza? Lipo bado. Nenda nyumbani ukalitazame. Mimi leo nimetazama nyati."

Hata meneja alicheka. "Na sauti?"

"Sauti ndiyo iliyoniokoa," mhakiki alisema. "Nilifumba macho nikarudi utotoni. Hata kwikwi ipo. Nawaomba msiguse kitu."

"Binti ni hodari," daktari aliunga mkono. "Mimi sina neno."

Akabaki Shangazi. Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha, watu wakapeane mikono wakale. Kasuku alikuwa amegeuka kwenye kiti, mikono juu ya egemeo, kidevu juu ya mikono, macho yanang'aa kama mtu aliyekwisha kupewa zawadi na anangoja kuifungua tu. Kazi ya kwanza ya maana maishani mwake. Nyuma kabisa, wifi hakutikisika.

"Mimi picha haikuniumiza," Shangazi alianza. "Imenifurahisha mno. Nimemwona Kindi. Zamani nilimsemea sijawahi kumwona. Kwa hiyo kwa picha, mimi na dokta ni kitu kimoja." Akapumua. "Sasa kwikwi. Ile kwikwi si ya Kindi. Ni yangu."

"Yako vipi?" mhakiki aliuliza.

"Nilikuwa naogopa, nikanywa soda ya baridi kwa pupa. Ikanishika katikati ya vipepeo. Fundi akasema tukirudia tunaanza kipande kizima, na kaka yangu alikuwa amesema vizuri mno kipande kile. Akasema iacheni. Ndiyo hiyo."

Mhakiki alishika fulana yake kifuani kama aliyeletewa habari ya msiba. "Soda," alisema. "Mimi nimewafundisha wanangu kwikwi ile."

"Haina madhara. Lakini pale leo kindi amefumba mdomo, mpaka mtoto anauliza nani ana kwikwi. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni hili." Akamgeukia Kasuku. "Mwanangu, umeniiga mpaka nimeogopa. Kama ingekuwa mtihani wa kuniiga, ningekupa zote na nyongeza. Ila mimi niliruka kwa sababu mchoro uliruka. Yule wako ametulia, anatafuna, ana mawazo yake, na wewe unampigia kelele juu ya kichwa. Mimi sikubali. Irudi studio."

Kidevu cha Kasuku kiliinuka kutoka mikononi.

"Shangazi. Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu ndipo nilipoulizwa."

"Mama, filamu nzima?" meneja aliuliza, jasho lake sasa la namna nyingine.

"Isipokuwa mtoni. Mtoni pasiguswe hata kidogo. Mtoni hakuwa mimi. Sijui alikuwa nani, lakini kindi yule na sauti ile ni mtu mmoja."

Nyati mpya, yule mchekeshaji, alikuwa amejinyamazia tangu mwanzo, mikono juu ya tumbo lake pana. Sasa akajikuna shingo. "Mtoni tulirekodi pamoja," alisema. "Kwingine kote kila mtu aliingia peke yake, siku yake. Siku ile mimi nilichelewa, zamu zikagongana, wakatutia chumba kimoja."

"Na kwingine," daktari alimuuliza Kasuku kwa upole, "ulikuwa unamsikia nani, kama huyu hakuwepo?"

Kasuku aliangalia chini. Alipojibu hakumjibu daktari.

"Nilikuwa naweka katuni ya zamani kwenye simu, sikio moja. Namsikiliza baba anavyosema, ndipo najibu. Sijui kumjibu vingine, Shangazi. Tangu utotoni ukinipa Nyati, mimi namjibu yeye. Siku ile ya mtoni huyu alikuwa mbele yangu, akanishika bega, simu ilibaki mkobani. Nikamjibu yeye."

Wa kwanza kuongea alikuwa mchekeshaji.

"Kumbe," alisema taratibu. "Nilikuwa najiuliza mbona huyu binti safari nzima ananikatiza. Kumbe kuna mzee mwingine aliyekuwa akimaliza kabla yangu."

"Alikuwa anasema haraka," sauti ilitoka kiti cha nyuma. Ilikuwa ya wifi. "Alikuwa hana subira hata kidogo."

Kicheko kilichofuata kilianza kwa Kasuku mwenyewe, kimechanganyika na machozi, kikawapata wote. Shangazi alijifuta kwa kiganja.

"Basi watieni chumba kimoja," alimwambia meneja. "Uso kwa uso, mwanzo hadi mwisho. Sisi tulikuwa wanne kwenye maikrofoni moja na viwiko vyetu, na sikumbuki kama nilimwiga mtu, nafasi ya kuiga haikuwepo. Mkifanya hivyo, mtakuwa na kitu ambacho watu hawajakiona."

"Mimi naunga mkono," daktari alisema. "Nabadilisha kauli."

Mhakiki alitafuta pa kushika. "Na kwikwi?"

"Itoke," Shangazi alisema.

"Watu watalia."

"Walie. Sinema ni mahali pazuri pa kulia."

Mhakiki alicheka peke yake na kutikisa kichwa. "Haya. Lakini hizo habari za soda naomba mniruhusu niziandike mimi." Meneja tayari alikuwa kwenye simu na watu wa studio, kidole sikio la pili, akitembea huku na huko mbele ya skrini tupu.

Nje jua lilikuwa kali na barabara ina watu wengi. Kasuku alitangulia kwa hatua ndefu bila kugeuka. Shangazi alimfuata na goti lake, wifi akiwa ubavuni. Furaha na hofu zilimsukuma kwa pamoja. Mtoto anaweza kukusamehe kwa kumchapa, aliwaza, asikusamehe kwa kumwambia kweli mbele ya mchekeshaji maarufu.

"Haya, nigombeze," alimwambia wifi. "Umenyamaza mno."

"Nilijiandaa kukugombeza tangu nyumbani. Kwa lolote ambalo ungesema. Sasa sioni pa kuanzia." Wifi alihamisha mkoba mkono mwingine. "Alikuwa anaongea na baba yake, kumbe. Mimi nilidhani anacheza tu."

Mbele ya duka la viatu Kasuku alisimama ghafla akageuka. Uso ulikuwa umelowa, ila macho yalikuwa yamewaka yale yale ya jikoni Jumapili ile, au zaidi.

"Pale mtoni. Sema kweli. Nilikuwaje?"

"Sijui," Shangazi alisema. "Nilisahau kuamua."

Jibu hilo lilimfikia Kasuku, akaruka mara moja juu ya lami, muuza viatu akachungulia.

"Basi ule mwanzo nausemaje? Ule wa tawini? Nimeushika kichwani, lakini kwa sauti yako, siwezi kuung'oa. Nataka kuujaribu sasa hivi. Nyati wangu amepanda gari ameondoka."

"Nijaribu mimi."

"Wewe siwezi. Wewe nikikuangalia nakuiga."

Watu walikuwa wanapita, wengine walitoka ukumbini na kuanza kuwatambua, wakinong'onezana na kuelekeza vidole. Shangazi alimtupia jicho wifi yake akitegemea kusikia kwamba wanaaibisha nyumba. Mwalimu mkuu mstaafu alimpa Shangazi mkoba amshikie. Alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya mkoba. Akanyoosha mabega, akafumba macho katikati ya njia ya waendao kwa miguu.

"Haya, mwanangu," alisema. "Mimi ninaongea polepole, kwa hiyo ningoje. Tuko wapi hapa?"

Kasuku alimsogelea hadi paji la uso likakaribia la mama yake. Hakupandisha sauti. Wapita njia walilazimika kusimama ili wasikie.

"Usikanyage bado, Babu. Mbele yako kuna ua moja, nalo linakutazama."

Wifi, macho yamefumba, aliinua mguu na kuuacha hewani.